Mwambie amwage kavera (mfuko wa plastiki wa dawa) mezani: jinsi ya kupeleka kazi ya mfamasia wa kliniki ya moyo kwenye simu

Mgonjwa wa Arua, huko West Nile kaskazini magharibi mwa Uganda, anapanda basi jioni, Karuma anapita amelala, alfajiri yuko Kampala, anakaa benchi mpaka saa tano, anatobolewa kidole, mashine inasema INR 2.6 (kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, namba ikipanda inachelewa zaidi), mimi namwambia "uko sawa mzee, endelea hivyo hivyo," halafu anatoka kutafuta basi la kurudi. Karibu kilomita 500 kuja na zingine kurudi, kwa maneno sita. Miaka mingi nilikuwa nayasema hayo maneno bila aibu yoyote.

Lockdown ya 2020 ndiyo ilitutoa usingizini. Mwisho wa Machi usafiri wa umma ukasimama, magari ya watu binafsi nayo, na ukitaka kwenda hospitali kwa gari lazima upate ruhusa ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, sasa mwenye vali ya chuma ya kupandikizwa moyoni aliyeko Koboko afanyeje, maana warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye vali, haisubiri ruhusa ya mtu. Tukaanza kupiga simu ovyo ovyo tu, kila mfanyakazi na laini yake mwenyewe, na tulikosea mengi nitayasema hapa hapa. Lakini Septemba 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na mabasi ya West Nile yakaanza kuzunguka, safari hiyo hatukuhangaika, tulikuwa na mfumo.

Naandika kwa mfamasia mwenzangu, au nesi, au daktari wa kliniki ya ugonjwa mmoja ambaye anataka kuanza. Kliniki yetu ni ya moyo na wagonjwa wengi wako kwenye warfarin kwa sababu homa ya baridi yabisi iliwaharibu vali wakiwa watoto, kwa hiyo mifano yangu ni hiyo. Wewe wa kifafa au selimundu au sukari utageuza mwenyewe.

Usihamishe kliniki, hamisha kazi

Kliniki moja niliyofanya zamani, siitaji, ilinunua programu ya vidio. Nzuri kweli, ina chumba cha kusubiri, ina sehemu ya kuingiza nenosiri, ina rangi za kupendeza. Sasa mama mzima wa Nebbi na kitochi chake anafanya nini na nenosiri? Wagonjwa waliotumia ile kitu walikuwa ni wale wale wanaokaa Ntinda hapa hapa Kampala, ambao hata wakija na boda wanafika dakika ishirini. Na bando siyo bure, watu bado wanakumbuka ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya 2018 ya kuingia WhatsApp na wenzake, ikaondolewa 2021 na mahali pake tukawekewa asilimia 12 kwenye data. Kwa hiyo msimamo wangu, na sibishani tena juu ya hii: simu ya kawaida ya kuongea kwanza, SMS ya pili, WhatsApp kwa picha ya dawa na matokeo, na vidio ya moja kwa moja ni ya mwisho kabisa pale ambapo lazima uone kitu kwa macho.

Kabla hujanunua chochote chukua karatasi, andika kila unachofanya siku ya kliniki tangu asubuhi, halafu weka alama kwenye vile vinavyotaka mkono wako. Utashangaa. Kuuliza amekunywaje dawa, kuhesabu dozi, kutafuta dawa zinazogombana, kumfundisha, kumkumbusha, kufuatilia kwa nini hajarudi, hayo yote ni mdomo na masikio. Vinavyotaka mkono ni damu, presha, kubonyeza mguu uone kama umevimba, daktari kusikiliza moyo. Na mimi naongeza somo la kwanza la warfarin, hilo halifanyiki kwenye simu hata mara moja, mgonjwa mpya akae mbele yako ashike kidonge mkononi.

Halafu chagua watu. Anza na wachache ambao wako kwenye warfarin miezi mitatu au zaidi, vipimo vyao viwili vya mwisho havikuwa mbali na lengo, wana simu inayopatikana, wana maabara wanayoweza kufika na kurudi siku moja, na nyumbani kuna mtu anayejua kusoma. Wa kuacha kwanza ni aliyetoka kupasuliwa juzi, aliyewahi kutokwa damu vibaya, mwenye INR ya kupanda na kushuka kama bembea, na mwenye mimba au anayetafuta mimba. Huyo wa mimba namtaja makusudi maana warfarin inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa wiki ya 6 mpaka ya 12, na kumwachisha mama mwenye vali ya chuma bila mpango nako kunaweza kumuua, hiyo ni kazi ya daktari wa moyo na wa uzazi wakae pamoja, siyo mfamasia mmoja na simu.

Kuna watakaokuuliza si muwahamishie tu kwenye hizi dawa mpya zisizotaka kipimo, yakaisha. Hapana. Dabigatran ilijaribiwa kwa watu wa vali za chuma, utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu mabonge ya damu na kutokwa damu vilizidi, na 2022 utafiti wa INVICTUS ukaonyesha kwa wale wa baridi yabisi wenye mapigo yasiyo na mpangilio, dawa za aina ya warfarin zilishinda rivaroxaban, nayo ya hizo mpya, waliokufa walikuwa wachache. Kwa hiyo INR tutaendelea kuifukuza.

Karatasi kwanza, simu baadaye

Mfamasia akibadilisha dozi kwa simu bila karatasi nyuma yake amejipeleka mwenyewe. Kaeni na daktari muandike protokoli, kurasa mbili tatu zinatosha, asaini, na wewe saini. Ndani yake kila mgonjwa ana lengo lake lililoandikwa na daktari (kwetu vali ya chuma ya mitral, ile ya kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, ni 2.5 mpaka 3.5, wengi waliobaki ni 2 mpaka 3), na wewe umeruhusiwa nini bila kupiga simu kwa daktari, na nini huruhusiwi hata ukiombwa na machozi. Yetu inasema hivi kwa kifupi: nabadilisha dozi kwa asilimia 5 mpaka 20 ya jumla ya wiki, siyo zaidi, na sianzishi dawa mpya. INR ikiwa kati ya 4.5 na 10 na hakuna damu inayotoka popote, nasimamisha dozi moja au mbili, anapima tena ndani ya siku chache, na daktari anajua siku hiyo hiyo. Ikizidi 10, au damu ikitoka hata kama INR ni nzuri, hospitali.

Zoea kufikiri kwa wiki, siyo kwa siku. Mtu anakunywa 5 mg kila siku, hiyo ni 35 kwa wiki, INR imekuja 2.1 na lengo lake linaanzia 2.5, hajasahau dozi, hajabadilisha chakula. Nusu kidonge cha ziada siku ya Jumatatu peke yake inafanya 37.5, karibu asilimia 7, inatosha, unapima tena baada ya wiki moja au mbili. Anayeruka kutoka 5 kwenda 7.5 kila siku ameongeza nusu nzima ya dawa, na hao ndio tunaowapokea baadaye na damu puani.

Upande wa sheria usiupuuze. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kama data maalum, kliniki inayokusanya data inatakiwa iwe imejisajili kwenye ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, na mgonjwa anatakiwa akubali. Sisi tunachukua ridhaa siku ya kliniki, kwenye fomu, lugha anayoelewa, na kwenye fomu hiyo anaandika namba mbili za simu, nani mwingine anaruhusiwa kupokea habari zake, na nani haruhusiwi. Hiyo ya mwisho iliongezwa kwa sababu yangu. Siku za mwanzo nilipiga namba ya mama mmoja, akapokea mwanamume, nikauliza "ni kwa mama fulani?" akasema ndiyo, nikaanza kupitia orodha yote ya dawa zake, kumbe ni shemeji, na mle ndani kulikuwa na dawa moja ambayo yule mama hakutaka ile nyumba ijue. Hakunilaumu hata. Alibadilisha tu namba. Tangu siku hiyo sitaji jina la kliniki wala la dawa mpaka mtu aniambie jina lake kamili na mwaka wake wa kuzaliwa, na kama siyo yeye nasema tu nitapiga baadaye.

INR ipimwe karibu na kwake

Hapa ndipo mipango mingi inapofia, mnaanzisha simu halafu mnakuta mgonjwa hana mahali pa kupima. Tafuteni maabara kwa kila upande wanakotoka wagonjwa, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za misheni, maabara binafsi ya mjini, pigeni simu muulize mambo matatu: mnapima INR kila siku au mpaka wagonjwa watimie, kemikali huwa zinakatika, na matokeo mnaandikaje. Hilo la tatu ni muhimu kuliko linavyosikika. Wapo wanaoandika sekunde za PT (muda damu iliochukua kuganda) peke yake, "28", basi. Sekunde zinategemea kemikali ya maabara yenyewe, 28 ya hapa siyo 28 ya kule, na ndiyo sababu WHO ilileta INR miaka ya 1980 ili namba iwe moja kila mahali. Sekunde tupu usizifanyie kazi.

Mgonjwa abaki na maabara moja, akibadilisha akuambie. Kama mna pesa ya mashine ndogo ya kutoboa kidole, CoaguChek au mwenzake, mkaiweka kwenye kituo cha afya cha daraja la IV na nesi aliyefundishwa, mtakuwa mmefanya jambo la maana sana, ila mjue tabia zake. Vijiti vyake vya kupimia damu vinataka joto lisizidi nyuzi 30, na Arua ya Februari unaijua, visiachwe kwenye dirisha. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, hematokriti (sehemu ya chembe nyekundu kwenye damu) chini ya asilimia 25, ile namba usiiamini. Na ikikupa namba ya juu sana, damu ya mshipa ithibitishwe maabara kabla hujafanya lolote kubwa, isipokuwa mtu anatoka damu, hapo hakuna kuthibitisha, anakwenda.

Matokeo yaje kwa picha ya karatasi, siyo kwa mdomo. "Wamesema ni mbili na kitu" siyo matokeo. Asiye na simu ya picha, fundi wa maabara anatuma, tumeshakubaliana nao.

Namba moja, na kubip kunaruhusiwa

Nunueni laini ya kliniki, mbili kama mnaweza, ya MTN na ya Airtel, na simu mbili ambazo hazitoki kliniki. Ukitumia namba yako utapigiwa saa nane usiku mpaka siku ya kufa kwako, na siku ukihama kazi wagonjwa wote wanahama na wewe. Salio ni la kliniki. Mgonjwa akibip tunampigia, kabla ya jioni, hiyo ni ahadi na haivunjwi, maana siku ukiivunja mara mbili hatabip tena na wala hatakuambia kwa nini. Usiku namba imefungwa, na kila mgonjwa anajua kwamba usiku ni hospitali iliyo karibu, siyo kutusubiri sisi.

Saa ya kupiga panga na yeye. Mkulima wa Zombo saa nne asubuhi yuko shambani na simu iko kwenye chaji senta, mpigie jioni. Mwalimu, saa ya chakula. Ijumaa mchana wazee wengi wa Arua wako msikitini. Mimi natenga asubuhi mbili na jioni moja kwa wiki kwa simu tu, mlango umefungwa, kwa sababu simu ya kupigwa katikati ya foleni ya dirishani ni simu mbaya.

Lugha pia. Huku Kampala nesi ataongea Luganda, mtu wa Koboko ataongea Kakwa au Kiswahili, wa mpakani na Congo utaongeza Lingala. Mimi nilikulia Bombo, Kiswahili ndicho kinaniokoa na watu wa West Nile, wa Busia, na wanajeshi. Lakini hata ndani ya Kiswahili kuna mtego: tulizoea kusema "dawa ya kufanya damu iwe nyepesi," na mgonjwa anasikia kwamba damu yake inapungua, anaona macho yamepauka kidogo anaacha dawa akanunue ya kuongeza damu. Siku hizi nasema "dawa ya kuzuia damu isigande kwenye ile vali," na wanaelewa mara moja.

Kavera

Sasa simu yenyewe. Ukishamjua kwamba ni yeye, ukauliza hali, ukauliza watoto (usiruke salamu, mtu aliyekatiwa salamu anajibu "ndiyo daktari" kwa kila kitu), mwambie alete kavera ya dawa. Kila mgonjwa wa Uganda ana kavera, nyeusi au ya bluu, dawa zote za nyumba ziko mle, zake, za mume, za mtoto wa mwaka juzi. Mwambie aimwage mezani. Yote. Halafu akusomee kimoja kimoja, na asiyesoma aite mjukuu, na mwenye simu ya picha apige picha za mabox na za vidonge vyenyewe pande zote mbili karibu na sarafu ya shilingi 500 ili uone ukubwa.

Nitakuambia kwa nini nasisitiza vidonge vyenyewe. Mama mmoja wa vali ya chuma, mtu makini sana, miaka miwili hakuwahi kunipa shida, siku moja INR inakuja 1.4. Nauliza umesahau? Hapana. Mboga? Zile zile. Dawa mpya? Hakuna. Dozi? "Kimoja cha pinki kila usiku daktari, kama siku zote." Kila jibu lilikuwa sahihi, karibu niongeze dozi. Lakini nikasema ebu nipigie picha. Ikaja chupa, siyo pakiti. Dada yake aliyeko Marekani alimletea zawadi ya warfarin ili asinunue. Sasa zile zetu tunazopata sana zinafuata rangi za Uingereza, 1 mg ya kahawia, 3 mg ya bluu, 5 mg ya pinki. Marekani pinki ni 1 mg. Mama alikuwa anakunywa sehemu moja ya tano ya dozi yake kwa uaminifu kabisa, wiki tatu. Bluu ya Marekani ni 4 mg, na nyeupe, shika kichwa, ya Uingereza ni 0.5 na ya Marekani ni 10. Kwa hiyo rangi mgonjwa anaweza kuitaja lakini wewe usiandike dozi kwa rangi peke yake, na zipo za viwanda vingine ambazo hazifuati nchi yoyote. Yule mama nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo aangaliwe vali na apewe sindano za kuzuia damu kuganda mpaka INR irudi, namshukuru Mungu hakupata kiharusi.

Maswali nayo yana namna yake. "Unakunywa dawa vizuri?" siyo swali, ni salamu, jibu ni ndiyo. Uliza "jana usiku ulikunywa ngapi? juzi? pakiti imebaki na vidonge vingapi, nihesabie." Hesabu ya vidonge haidanganyi kirahisi. Halafu nenda kwenye vitu alivyonunua bila kukuambia, na taja kwa majina ya dukani maana "antibayotiki" haimwambii kitu: umekunywa Flagyl? Septrin? ya fangasi, fluconazole? cipro? Hizo zote zinaipandisha INR, na akianza mojawapo anatakiwa apime ndani ya siku 3 mpaka 5, siyo kungoja tarehe yake. Dawa za TB zenye rifampicin zinaishusha vibaya sana, dozi inaweza kutakiwa kuongezwa mara mbili au zaidi, na akimaliza TB ukasahau kuirudisha chini umemmaliza wewe. Diclofenac ya mgongo ndiyo adui yangu mkubwa, kila duka inauzwa kama peremende, inakula tumbo na damu haigandi. Sindano ya makalioni akipigwa kwenye kliniki ya kijijini inaweza kuacha uvimbe wa damu kama embe, kwa hiyo wale wanaochoma penisilini ya kila mwezi kwa ajili ya baridi yabisi tunapanga na daktari na anayechoma kabisa.

Miti shamba uliza bila kukunja uso, ingawa uso hauonekani sauti inaonekana. Mboga usimkataze. Dodo, nakati, sukuma, malakwang, ale, ila ale kwa kipimo kinachofanana wiki hadi wiki, shida inakuja wakati mvua imenyesha mboga zimejaa shamba na mtu anakula mara tatu kwa siku, au kwenye mfungo ratiba yote imegeuka.

Na mwanamke wa umri wa kuzaa, kila simu, uliza mwezi wake. Lakini kwanza uliza "uko peke yako? spika imezimwa?" kisha mpe maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana ili aliyekaa karibu asielewe.

Mwisho wa simu usiulize "umeelewa?" Mwambie "sasa nifundishe mimi, leo usiku utakunywaje?" Asiporudia sawasawa, simu haijaisha. Halafu SMS inafuata kabla hujampigia mwingine, na iandike kwa vidonge na siku, hivi: *Warfarin 5 mg. Jumatatu: kimoja na nusu. Siku zingine: kimoja. Kupima tena tarehe 14.* Usitumie vifupisho, usiandike "1.5" maana kitone kinapotea na unakuwa umeandika 15.

Dawa kumfikia

Ziko njia mbili na zote zinatumika. Ya kwanza ni famasia iliyosajiliwa na NDA, mamlaka ya dawa ya taifa, iliyo karibu naye, ambayo umeongea nao waweke warfarin ya kiwanda kile kile na nguvu moja tu, ikiwezekana, maana nyumba yenye 1, 3 na 5 kwenye kavera moja ni ajali inayosubiri. Cheti cha daktari kinatangulia. Ya pili ni pasel ya basi, kama tunavyotuma kila kitu Uganda hii, lakini ifungwe vizuri, jina la dawa lisionekane nje, risiti ipigwe picha itumwe kwake, na yeye athibitishe amepokea kwa kukusomea kilichoandikwa kwenye pakiti. Basi likichelewa dozi zinakatika, kwa hiyo tuma akiwa bado na wiki mbili nyumbani. Insulini na vitu vya baridi usitume namna hii.

Wakati wa kukata simu

Kuna mambo ukiyasikia unaacha kuuliza kuhusu vidonge. Mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, maneno yamechanganyika, kuumwa kichwa kwa ghafla kusiko kwa kawaida, kuanguka na kugonga kichwa hata kama anajisikia mzima, choo cheusi kama lami, kutapika damu, hedhi isiyokatika, pumzi inakata akilala. Na mwenye vali ya chuma akikuambia ule mlio wa tik tik aliouzoea kifuani umepungua au hausikiki, usimwambie asubiri kesho. Bandika orodha ya hospitali za kila wilaya ukutani pamoja na namba, mpigie nesi wa zamu wewe mwenyewe umweleze mgonjwa anakuja na dawa gani, kisha mpigie tena mgonjwa baada ya saa moja uulize yuko wapi, amepata boda? Wale wa moyo uliochoka wanaokunywa furosemide ya kutoa maji mwilini tumewapa sheria nyepesi, mizani asubuhi, kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu bip.

Madhara ya dawa uliyoyasikia kwa simu yaripoti NDA kama yale ya kliniki tu, ile programu ya Med Safety inafanya kazi vizuri.

Rekodi ziweke mara mbili. Tuna Excel yenye nenosiri na tuna kaunta buku, ndiyo, kaunta buku, inayofungiwa kabatini. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa siku kadhaa nchi nzima, simu za kawaida zikapita, lakini aliyekuwa ameweka kila kitu mtandaoni alikaa anaangalia ukuta. Picha za wagonjwa zikishaingia kwenye faili zifute kwenye simu. Kila mwisho wa mwezi hesabu INR ngapi zilikuwa ndani ya lengo, ngapi nje, wangapi hawakupatikana, wangapi walikwenda hospitali, ulinganishe na miezi ya kabla ya simu. Idadi ya simu ulizopiga usijisifie nayo, kampuni ya simu ndiyo inafurahi.

Hela: weka ada ndogo ya MoMo au Airtel Money, ndogo kuliko nauli kwa mbali, na asiyeweza asilipe. Bure kabisa ilitushinda, salio liliisha tarehe 20 kila mwezi.

Na usiwafungie mlango. Kila mgonjwa wetu bado anakuja Kampala mara mbili kwa mwaka, daktari asikilize moyo, apigwe eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na mimi nione vidole na fizi kwa macho yangu. Yuko mzee mmoja wa Arua ambaye tumemwambia mara kumi hana haja ya kuja kila mwezi, INR yake ni nzuri kuliko ya wote, anaitikia kwenye simu, "sawa daktari, sawa," halafu Alhamisi asubuhi yuko kwenye benchi na samaki wa angara kavu aliyefungwa kwenye gazeti, eti alikuwa anapita tu kumwona mjukuu. Huyo tumemwachia nafasi yake.